Mioyo Saba Kwenye Msitu wa Kibwe

Kila asubuhi, saa moja na nusu, mnara wa Kibwe ulianza kuhesabu mioyo.

Ulikuwa mnara mwembamba, mrefu kuliko miti, uliosimamishwa kwenye mteremko wa milima ya Uluguru juu ya jiji la Morogoro. Kazi yake ilikuwa moja tu, kusoma bangili. Kila mfanyakazi wa jiji aliyeingia msituni alivaa bangili ya kijivu iitwayo kipimatulivu. Bangili hiyo ilisikiliza mapigo ya moyo, pumzi na jasho la ngozi, ikayapeleka mnarani, na akili unde iliyokaa mle ikayageuza kuwa namba. Sifuri ni mtu aliyevurugika kabisa. Mia ni mtu ambaye, kama walivyotania watu wa mjini, inabidi umtikise uone kama bado yu hai.

Jumanne moja mnara ulihesabu mioyo saba kwenye kijito cha pili. Yote saba ilikuwa nyuzi tisini na nne.

Lakini kwenye kijito cha pili alikuwepo mtu mmoja. Bi Mwajabu Kobelo, mjane wa miaka sitini na miwili, mfagiaji wa njia za msitu, alikuwa ameketi kwenye mkeka wake chini ya mvule, ufagio ukiwa umelazwa pembeni. Mikono yake ilikuwa ndani ya buibui. Mkono wa kulia ulikuwa na bangili yake mwenyewe na nyingine mbili. Wa kushoto ulikuwa na nne. Midomo yake ilikuwa ikicheza taratibu na uradi wa asubuhi, na moyo wake mmoja ulikuwa ukipiga kwa niaba ya watu saba.

Kabla ya kumhukumu, mtu na asikie jambo hili lilivyoanza.

Bandari kavu ya Morogoro ilikuwa haina tena wapagazi. Mizigo yote ilinyanyuliwa na minyanyuo, mashine za chuma zenye mikono miwili, ndefu kama nyumba za ghorofa kumi. Mnyanyuo haukuwa na akili yake. Mwendeshaji alikaa mjini kwenye chumba chenye baridi, juu ya kiti kiitwacho kiti cha amri, akavaa glavu, na kila alichofanya kwa mikono yake, mnyanyuo uliiga kule bandarini. Akiinua kiganja, kontena linainuka. Akikunja kidole, chuma kinajikunja. Mtu mmoja alifanya kazi ya watu mia mbili.

Tatizo lilikuwa mtu mwenyewe. Ukikaa saa nane na mikono ya chuma, ukirudi nyumbani unaogopa hata kumshika mtoto. Waendeshaji walikosa usingizi, wakagombana na kuta. Madaktari wa jiji walijaribu dawa nyingi, mwisho wakaona kwamba mtu akipewa saa tatu kwa wiki kwenye miti na maji yanayotiririka, asiwe na kazi wala simu, hurudi kuwa mtu. Ndipo ikatungwa Sheria ya Saa Tatu. Bangili ikisoma chini ya nyuzi sitini msituni, kiti cha amri hakifunguki. Ikisoma chini ya sitini wiki tatu mfululizo, muuguzi anakuja nyumbani, na mtu anapelekwa Nyumba ya Mapumziko mwezi mzima, mshahara wake ukiendelea.

Ilikuwa sheria nzuri. Ila binadamu ni binadamu. Haukupita mwaka, "kapelekwa mapumziko" likawa neno la kusemwa kwa sauti ya chini, mkono ukiwa mdomoni. Maana yake kichwa kimelegea. Wachumba walivunja ahadi. Majirani waliwaita watoto wao ndani.

Na msitu wenyewe uliwashinda wengi. Waliingia wakiwa na haraka, wakakaa kwenye jiwe wakiitazama bangili kama mtu anayesubiri chai ichemke, na kadiri walivyoitazama ndivyo namba ilivyoshuka.

Bi Mwajabu yeye hakuwa na shida hiyo. Idara ya Utulivu ilimwajiri baada ya roboti wa kufagia kushindwa. Roboti yule alifagia vizuri mno. Alifagia majani, akafagia vijiti, akafagia na viota viwili vya ndege wanaotaga chini, na alipomaliza njia ilikuwa tupu kama korido ya hospitali. Watu wakipita pale nyuzi zinashuka. Idara ikaamua njia zifagiwe na binadamu kwa fagio la chelewa, njiti za mnazi, na majani mengine yaachwe. Bi Mwajabu alifagia, akatawadha kijitoni, akasali rakaa mbili, akakaa kuleta uradi. Siku ya kwanza bangili yake iliposoma tisini na nne, Mhandisi Lugome, mkuu wa mnara, alipanda mlima kuja kuangalia kama imeharibika.

Habari zikafika mtaani. Wa kwanza kuja alikuwa Tatu, mwendeshaji wa mnyanyuo, mwanamke mcheshi mwenye sauti ya kusikika nyumba ya tatu. Alikuja na bakuli la vitumbua na bangili yake imefungwa kwenye kona ya kanga.

"Bi Mwajabu, wewe si unaniombea kila siku?"

"Nakuombea, na unahitaji."

"Basi niombee huku bangili iko mkononi mwako. Tofauti iko wapi?"

"Tatu, hiyo ni hila."

"Hila gani? Mtu akienda Hija si tunampa majina yetu akatuombee kule? Kuna aliyewahi kusema twende wenyewe wote? Wewe unaenda, sisi tunatuma salamu. Salamu yangu ndiyo hii." Akacheka, akamsogezea vitumbua. "Kula vingali na moto."

Bi Mwajabu alicheka naye. Akaipokea. Na kweli, asubuhi alipoivaa alimtaja Tatu kwa jina katika dua, na jina la mama yake, na hakuona ubaya. Wiki iliyofuata zilikuja mbili. Mwezi uliofuata zikawa tano. Kila mwenye bangili alikuwa na jina, na kila jina lilikuwa na dua yake. Alijiambia kwamba hasemi uongo, anabeba watu. Tena, ukweli usemwe, alipenda. Tangu mume wake Shomari afariki hakuna aliyekuwa akimgongea mlango kumhitaji. Sasa walimgongea, wakimwita mama, wakimbusu mkono.

Bangili ya mwisho ilikuwa ya Chiku.

Chiku alikuwa binti wa rafiki yake wa utotoni aliyekwisha kutangulia mbele ya haki, na alimwita Bi Mwajabu mama mkubwa. Alijifungua mtoto wa kiume, mtoto akaishi siku kumi na tano. Zilipotimia arobaini alitakiwa kurudi kwenye kiti cha amri. Alikuja alasiri, hakuvua viatu wala hakuingia ndani, akasimama mlangoni na bangili kiganjani.

"Mama mkubwa, nichukulie na mimi."

Bi Mwajabu alimtazama. Macho yalikuwa yamevimba, na mkono wake mmoja ulikuwa umekaa tumboni kama umesahauliwa pale.

"Si uje mwenyewe, mwanangu? Twende wote kesho, tukae kijitoni."

"Kule kuna kimya."

"Kimya ndiyo dawa yenyewe."

"Kukiwa kimya namsikia," Chiku alisema. "Kazini kuna kelele. Nikienda msituni watanisoma ishirini, watakuja kunichukua. Tafadhali."

Adhana ya alasiri ilianza. Bi Mwajabu aliona wudhu wake bado upo na hakutaka kuchelewa. "Lete," alisema. "Mwachie Mungu, yatapita. Nitakuombea." Chiku akaondoka bila kuaga. Kwa wiki kumi na moja baada ya hapo, mnara ulimsoma Chiku nyuzi tisini na nne, mwanamke mtulivu kuliko wote kwenye zamu yake.

Jumanne ile mnara ulipohesabu mioyo saba, saa tano asubuhi, mnyanyuo wa Chiku uliacha kazi bandarini. Ulikuwa umebeba kontena. Badala ya kulishusha, uliinama, ukalivuta kifuani, ukaanza kuliyumbisha huku na huku. Minyororo iliyolishikilia ilikatika. Kontena lilianguka upande, likamwangukia mguuni fundi Nasoro aliyekuwa akikaza bolti chini. Mguu ulikatwa chini ya goti.

Mjini, walimkuta Chiku ameketi kwenye kiti cha amri, mikono imekunjwa. Hakusema neno. Hakusema siku ile, wala wiki tatu zilizofuata.

Sheria ilikataza bangili kusoma moyo wa mtu akiwa kazini. Wafanyakazi wenyewe walikuwa wameipigania haki hiyo. Kwa hiyo Idara ilitazama vipimo vya msituni tu. Na vipimo vilisema nini? Tisini na nne, wiki kumi na moja, hata wiki ya ajali. Mtu mwenye moyo namna ile si mgonjwa. Mtu mwenye moyo namna ile akiyumbisha kontena juu ya kichwa cha mwenzake, basi anacheza. Baraza likaitwa kuamua kama kesi iende mahakamani, ya kudhuru kwa makusudi.

Jioni ya kuamkia baraza Tatu alikuja, safari hii bila vitumbua.

"Umesikia wanavyosema? Eti kafanya kwa dharau."

"Nimesikia. Nitasema, Tatu."

"Utasema nini?" Tatu alishusha sauti, yeye ambaye hakuwahi kuishusha. "Ukisema, sisi watano tumekwisha. Mimi nina wazee wawili ndani. Na wewe? Wewe ndiye unayetusomesha habari za amana kila Alhamisi! Utakaa wapi? Chiku mwenyewe kanyamaza, hajakutaja. Kama yeye kaamua kukusitiri, wewe unajivua nguo ya nini?"

Asubuhi Bi Mwajabu alikwenda msituni kama kawaida, akavaa bangili sita, tano zao na yake, akaleta uradi, kisha akashuka moja kwa moja kwenda kwenye baraza. Hata kuzivua hakuzivua. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi baadaye, kwamba asubuhi ile ile bado alizivaa.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Mwenyekiti, Bi Asteria, mwanamke mpole mwenye miwani, alimwomba Chiku aseme chochote anachotaka. Chiku alitazama meza. Nasoro aliletwa mbele na magongo yake.

"Mimi sina makuu," Nasoro alisema. "Dada huyu kila asubuhi ananisalimia kwenye kipaza sauti. 'Fundi, umeamkaje?' Nataka aniambie tu. Kwa nini alicheza, na mimi niko chini?"

Chiku alifumba macho.

"Tuonyeshwe picha," Bi Asteria alisema.

Ukuta uliwaka. Bi Mwajabu alikuwa amesikia habari ile mara mia lakini hakuwa ameiona. Aliuona mnyanyuo ukisimama katikati ya ua wa bandari. Akaona mkono wa kushoto ukijikunja na kwenda chini ya kontena, kiwiko kikiwa nje. Mkono wa kulia ukapita juu yake, ukalishika kwa nyuma, polepole, kwa uangalifu mkubwa kuliko kazi yoyote ya chuma. Kichwa cha taa kikainama. Kisha kontena zima, tani ishirini, likaanza kwenda huku na huku.

Mtu mmoja nyuma yake alisema, "Mwone, anachezea."

Bi Mwajabu alikuwa amelea watoto wanne. Alijua anachokitazama.

"Anabembeleza," alisema.

Hakujua kama amesema kwa sauti mpaka Bi Asteria alipogeuka. "Mama, umesema?"

Bi Mwajabu alisimama. "Hachezi. Anabembeleza mtoto. Mwanawe alikufa ana siku kumi na tano. Huyu hajawahi kutulia, mheshimiwa. Hajakanyaga msitu hata siku moja. Mnayemsoma ni mimi."

Akakunja mikono ya buibui mbele ya watu wote. Bangili tatu kulia, tatu kushoto. Ukumbi mzima ulizisikia zikigongana.

"Bi Mwajabu?" mwanamke mmoja wa darasa la Alhamisi alisema, kama anayemuuliza mtu asiyemfahamu. "Wewe?"

"Mimi."

Nasoro alimtazama muda mrefu, kisha akamtazama Chiku. Chiku alikuwa amefumbua macho, na yalikuwa hayamshukuru mtu.

Alasiri ile Mhandisi Lugome alimpeleka Bi Mwajabu mnarani kuhakikisha maneno yake. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mstaarabu, na siku hiyo alikuwa akikwepa kumtazama usoni.

"Mama, nikwambie jambo la aibu yangu," alisema akiwasha ukuta wa kusomea. "Akili unde ilituambia zamani kwamba mioyo ya kijito cha pili inapiga pamoja. Pigo kwa pigo. Unajua tulifanya nini? Tuliandika ripoti. Tukasema watu wakikaa pamoja msituni, mioyo inakuwa moyo mmoja. Tukaialika miji mingine ije ijifunze. Nilipigiwa makofi."

"Hukutuma mtu kuja kutazama?"

"Namba zilikuwa nzuri, mama. Nani anapanda mlima kutazama namba nzuri?"

Mistari saba ilitokea ukutani, akailaza mmoja juu ya mwingine. Ikawa mstari mmoja.

"Imetosha," alisema. "Chiku atahesabiwa mgonjwa, si mkosaji. Kesi haitakwenda."

Bi Mwajabu hakuinuka. "Baba, nina ombi. Nionyeshe siku ya kwanza niliyovaa bangili ya Chiku."

Alikuwa na sababu. Tangu asubuhi alikuwa akijipa moyo kwamba lazima moyo wake ulishtuka. Mdomo unaweza kudanganya, lakini moyo wa mcha Mungu, aliamini, ungejua. Alitaka kuona mstari ukitikisika mahali fulani, hata kidogo, akasema: hapa, hapa nilisutwa.

Mhandisi alitafuta, akaipata. Mstari ulikuwa umenyooka.

"Na kesho yake?"

Umenyooka.

"Na leo? Leo asubuhi, kabla ya baraza?"

Lugome alisita, akauleta. Tisini na nne. Hapakuwa na tofauti na siku nyingine yoyote.

"Labda nikueleze," alisema kwa upole. "Bangili inapima kutulia. Haipimi mtu ametuliaje. Anayetulia kwa kuwa ameliona jambo akalikubali, na anayetulia kwa kuwa ameligeuzia mgongo, kwetu ni namba moja."

Bi Mwajabu alijifunika uso kwa mtandio. Kusutwa na watu angekuvumilia. Mashine ilikuwa imemsifu. Aliona mlango wake alasiri ile, na macho yale yaliyovimba, na yeye mwenyewe akiwaza wudhu wake. Miaka yote alidhani ameuweka moyo wake kwa Mola, kumbe mara nyingine aliuweka tu mahali pasipofikiwa na kilio cha mtu.

Aliacha kazi kabla hajaachishwa. Darasa la Alhamisi alilikabidhi kwa mwingine. Waendeshaji watano walifungiwa viti, na wawili kati yao, walipopimwa wenyewe, walikutwa nyuzi kumi na nane. Tatu alikutana naye bombani.

"Umefurahi sasa?"

"Hapana, mwanangu."

"Nisamehe, usiniite mwanangu." Tatu akajitwika ndoo yake. Alipofika mbali kidogo alisimama, bila kugeuka. "Mimi walinisoma ishirini na mbili. Sikuwa najua, wallahi. Nilidhani kila mtu analala hivyo."

Chiku alikaa Nyumba ya Mapumziko mwezi mmoja, akaongezewa wa pili. Mwishoni mwa wa pili muuguzi alimpigia simu Bi Mwajabu. Chiku ameruhusiwa kuingia msituni, asivae bangili, awe na mtu mmoja wa kumsindikiza. Amemtaja yeye.

"Amesema kwa nini?"

"Amesema wewe njia unazijua."

Walipanda asubuhi, Chiku mbele, yeye nyuma. Njia ilikuwa haijafagiwa siku nyingi na majani yalilia chini ya miguu yao. Bi Mwajabu, aliyefagia pale miaka mitano, aliona kwamba jiwe la kijito cha pili lina ukoga wa rangi mbili, na kwamba kuna konokono wadogo upande wa maji. Hakuwahi kuwaona. Alikuwa akifumba macho.

Chiku aliketi juu ya jiwe, akavua viatu, akaiingiza miguu kwenye maji. Bi Mwajabu aliketi karibu, si karibu sana. Midomo yake ilianza yenyewe.

"Usiniombee," Chiku alisema. Sauti ilikuwa nzito kwa kukaa bila kutumika. "Leo usiniombee, mama mkubwa. Kaa tu."

Bi Mwajabu alifunga mdomo.

Maji yalipita. Ndege mmoja aliita mara mbili, akaacha. Kulikuwa na kimya kile kile ambacho Chiku alikuwa amekikimbia, na sasa kilikuwa kikija kwao wote wawili, na Bi Mwajabu hakuwa na neno la kujifichia. Alisikia moyo wake mwenyewe, unapiga ovyo kama wa mwizi.

"Aliitwa Mikidadi," Chiku alisema. "Hakuna anayemtaja. Mnasema 'yaliyopita'. Aliitwa Mikidadi, na alikuwa akipiga chafya mbili mbili."

Kisha akalia. Hakulia kwa adabu. Alilia kwa sauti kubwa ya mdomo wazi, mpaka ndege wakaruka kwenye mvule, mikono yake ikitafuta kitu cha kushika kwenye jiwe tupu.

Neno lilimfika Bi Mwajabu kwenye ulimi, neno ambalo kila mwanamke wa kwao humwambia anayelia: nyamaza. Nyamaza, mwanangu, nyamaza. Alilishika hapo hapo kwenye meno. Akasogea mpaka bega likagusa bega, akaiweka miguu yake ya kizee kwenye maji baridi, akamwacha alie.